Winslow Homer: Msee aliyewachora wavuvi wakiwa hai

Mwaka jana nilikuwa naandika makala kuhusu wavuvi wa kwetu Kotile. Kama hujawahi kufika, ni pale kando ya Mto Tana, ukitoka Garissa mjini kuelekea Masalani. Wengi wanaoijua Kotile wanaijua kwa sababu ya hirola, yule swala adimu wa hifadhi ya Ishaqbini. Wavuvi hakuna anayewataja. Makala yangu ilihitaji picha moja tu: mtu ndani ya mtumbwi, wavu mkononi, anafanya kazi. Nikanunua bando, nikatafuta karibu usiku mzima.

Nilichopata ni mafuriko. Nyumba zimemezwa na maji, helikopta, magunia ya msaada. Nikabadilisha maneno, nikapata mamba. Mvuvi kaliwa, mvuvi kakatwa mguu, familia inalia kando ya mto. Yaani huko mtandaoni, mvuvi wa Tana anaanza kuishi siku ile anayokufa. Kabla ya hapo hayupo.

Sasa mimi nina mjomba, kakake mama, ambaye amevua kwenye huo mto tangu kabla sijazaliwa. Kambare wake ndio walionisomesha hadi nikafika chuo, na waliponishindwa karo ya mwaka wa pili, si makosa ya kambare. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha akiwa kazini. Mimi mwenyewe sijawahi. Nilikuwa na simu, nikajipiga selfi za kutosha kujaza gunia, lakini mjomba akitega nyavu? Hata moja.

Usiku huo huo, nikiwa nimeshachoka, nikakutana na picha ya zamani isiyo na rangi. Wanaume wawili wako juu ya sitaha, wamevaa makoti na kofia za mvua. Mmoja ameinua chombo cha kupimia kuelekea juani. Mwenzake ameinamisha kichwa, anasoma vipimo. Bahari nyuma yao bado imechafuka. Hakuna anayekutazama. Hakuna anayekufa. Wako bize.

Inaitwa Eight Bells, maana yake Kengele Nane, na ilichapishwa mwaka 1887. Aliyeichora ni Mmarekani anayeitwa Winslow Homer. Sikuwa nimemsikia. Nikaanza kumsoma usiku huo, na sijamaliza mpaka leo. Ngoja niwape stori yake, kwa sababu kuna wasee wengi huku nje wanaodhani bila cheti wamekwisha.

Kijana asiyetaka bosi

Homer alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 24 Februari 1836, mtoto wa pili kati ya wavulana watatu. Mamake, Henrietta, alikuwa mchoraji wa rangi za maji, na ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Babake, Charles, alikuwa mfanyabiashara, na ni mmoja wa wale wazee wenye mpango mpya kila mwezi. Mwaka 1849, dunia nzima ilipokuwa inakimbilia dhahabu California, naye akaacha kila kitu akaenda. Alirudi bila kitu.

Kaka yake mkubwa alienda kusoma Harvard. Winslow hakwenda chuo chochote. Akiwa na miaka kama 19 alipelekwa kuwa mwanagenzi kwenye karakana ya John Bufford hapo Boston, mahali ambapo picha zilichorwa kwenye mawe kisha zikachapishwa kwa maelfu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchora majalada ya vitabu vya nyimbo. Anaingia asubuhi, anatoka jioni, anachora anachoambiwa. Aliona ni utumwa mtupu. Mwaka 1857, alipotimiza miaka 21, mkataba ukaisha, akatoka, na akaapa moyoni kwamba hatakuwa tena na bosi.

Kila mtu husema hivyo akiwa na miaka 21. Tofauti ni kwamba huyu alifanya kweli. Akaanza kuuza michoro kwa magazeti, moja moja, kama vile sisi tunavyouza makala. Gazeti maarufu la Harper's Weekly likampenda hadi likampa ajira ya kudumu, mshahara kila mwezi. Akakataa. Akaendelea kuwauzia michoro akiwa nje. Sijui kwenu, lakini kwetu mtu akikataa ajira ya kudumu, kikao cha ukoo huitishwa siku hiyo hiyo.

Lakini tusidanganyane. Hakukataa kazi. Alikataa bosi. Ile miaka miwili kwa Bufford ilimwachia mkono mwepesi na akili ya kuelewa jinsi picha inavyotoka kwenye jiwe au bamba hadi kwenye karatasi. Aliichukia karakana, lakini ujuzi wake aliondoka nao. Utaona baadaye ulivyomfaa.

Vita vilimfundisha kutazama

Mwaka 1859 alihamia New York. Akachukua masomo machache ya uchoraji, ya hapa na pale, mengine akajifundisha mwenyewe. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini, na Harper's wakamtuma kwenye uwanja wa mapambano.

Wachoraji wengi wa vita walikuwa wanachora farasi wanaruka, bendera zinapepea, majenerali wananyoosha panga. Homer naye alichora mapigano kidogo, lakini macho yake yalikwenda kwingine. Alichora wanajeshi wakipika. Wakingoja barua. Wakikaa tu, wamechoka, wanakumbuka nyumbani. Alichora pia mdunguzi juu ya mti akilenga shabaha, na miaka mingi baadaye alikiri kwamba alipochungulia kwenye darubini ya bunduki ile, aliona kitu kinachokaribia mauaji kabisa kuliko vita.

Mwaka 1866 alitoa picha ya rangi za mafuta inayoitwa Prisoners from the Front, ya afisa wa Kaskazini akiwakabili mateka wa Kusini. Ikampa jina. Mwaka uliofuata ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia huko Paris, na Homer mwenyewe alikuwa Ufaransa wakati huo. Vita vilipokwisha aliwachora pia watu weusi wa Virginia waliotoka utumwani, wakivuna pamba, au wamesimama ana kwa ana na bibi aliyewahi kuwamiliki. Aliwachora kama watu wazima wenye mawazo yao, wakati magazeti mengi ya enzi hizo yaliwachora kama vikatuni.

Kufikia katikati ya miaka ya 1870 akaachana na kazi za magazeti kabisa. Alikuwa anajulikana, picha zake za watoto wa shambani na mashua zinapendwa. Angeweza kubaki hapo, akachora watoto na mashua hadi kufa. Wengi wetu tungebaki.

Kijiji cha wavuvi

Mwaka 1881, akiwa na miaka 45, alipanda meli kwenda Uingereza. Hakutafuta hoteli London. Alikwenda kujificha Cullercoats, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya kaskazini mashariki, mahali ambapo Bahari ya Kaskazini haina huruma. Akakaa hadi Novemba 1882.

Huko ndiko alikobadilika. Wanaume wa Cullercoats walikwenda baharini kwa mashua ndogo. Wanawake ndio waliobeba kila kitu kingine: walichimba chambo, walishona nyavu, walipokea samaki ufukweni, wakawabeba kwenye vikapu mgongoni kwenda kuuza. Na dhoruba ikipiga, kijiji kizima kilisimama juu ya mwamba kikitazama maji. Kulikuwa na kikosi cha kujitolea cha kuokoa watu na nyumba ya walinzi ya kuchungulia bahari.

Homer aliwachora karibu kila siku. Wanawake wale si warembo wa kwenye kadi. Wana mabega mapana, mikono minene, wamesimama dhidi ya upepo kama nguzo. Ukiwatazama unajua kwamba kazi hii imewajenga na pia imewala.

Kwa mtu wa Kotile, hapa hakuna kitu kigeni. Mama zetu hawavui, lakini nani anaanika samaki, nani anauza, nani anakaa macho mto ukipanda usiku? Niliposoma habari za Cullercoats nilihisi kama nimesoma habari za ng'ambo ya pili tu ya mto.

Nyumba juu ya miamba

Aliporudi Marekani, New York ilimshinda. Mwaka 1883 alihamia Prouts Neck, rasi ya mawe kwenye jimbo la Maine ambako familia yake ilikuwa imenunua ardhi. Akachukua banda la magari ya farasi, akamwita fundi mchoraji ramani za nyumba, likageuzwa kuwa nyumba na mahali pa kazi, lenye baraza ghorofani linalotazama bahari. Aliishi hapo hadi mwisho wa maisha yake. Hakuwahi kuoa. Watalii walipomsumbua, aliweka kibao cha kuwaonya kwamba kuna nyoka na panya. Leo nyumba hiyo iko chini ya makumbusho ya sanaa ya Portland, na watalii aliowafukuza wanaingia.

Huko Maine alikuwa karibu na wavuvi wenyewe. Wakati ule meli za matanga zilitoka bandari kama Gloucester kwenda kwenye maji ya mbali ya Grand Banks, karibu na Newfoundland. Zikifika zilishusha mashua ndogo za mbao, mtu mmoja au wawili kwa kila mashua, wakatawanyika kuvua kwa ndoana na mishipi. Jioni kila mtu alipaswa kuipata meli yake tena. Ukungu ukishuka kabla hajafika, basi. Gloucester peke yake imepoteza zaidi ya wavuvi 5,000 baharini tangu karne ya 17, na majina yao yameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu pale mjini.

Mwaka 1885 Homer alitoa picha tatu za maisha hayo. Katika The Herring Net, wavuvi wawili wanavuta wavu uliojaa herring, samaki wadogo wa makundi, ndugu wa dagaa. Mashua imeinama, mmoja ameegemea upande wa pili ili isipinduke. Ili achore vile, Homer alipigiwa makasia na kijana wa hapo hapo hadi katikati ya mashua za wavuvi, akakaa na daftari lake huku mawimbi yakimtikisa. Katika The Fog Warning, mvuvi peke yake amepakia samaki bapa wakubwa, ameshika makasia, anageuza shingo kutazama meli yake kwa mbali. Ukungu unakuja. Anapiga hesabu: nitafika au sitafika? Ya tatu, Lost on the Grand Banks, ni ya wale ambao hesabu imewakataa.

Mwaka uliofuata ikaja Eight Bells, kwa rangi za mafuta. Kwenye meli za zamani kengele iligongwa kila nusu saa, na ikifika mara nane, zamu imeisha. Saa sita mchana kengele nane zilimaanisha pia kwamba jua liko juu kabisa, na huo ndio wakati wa kupima urefu wake ili kujua meli iko wapi kwenye ramani. Dhoruba imepita, mawingu yanapasuka, jua limetokea kidogo. Wale wawili hawashangilii kuwa wamepona. Wanapima. Wanataka kujua tuko wapi, tuendelee.

Sasa sikiliza habari ya pesa. Mwaka 1884 Homer alikuwa ameuza picha iitwayo The Life Line, ya mwanamume akimwokoa mwanamke aliyezimia, wananing'inia kwenye kamba juu ya mawimbi. Drama tupu. Tajiri mmoja wa kike aliinunua kwa dola 2,500. Eight Bells, ya watu wawili wanaofanya kazi yao ya kila siku, iliuzwa kwa dola 400. Na ile ya wavuvi waliopotea, Lost on the Grand Banks, mwaka 1998 iliripotiwa kununuliwa na Bill Gates kwa zaidi ya dola milioni 30. Soko la picha na utafutaji wangu wa usiku ule ni kitu kimoja. Mtu akiokolewa au akipotea, ana bei. Akiwa kazini, ni bei ya jioni.

Shaba, nta na asidi

Hapo ndipo Homer alipofanya kitu ambacho mimi bado nakipenda kuliko vyote. Alikuwa ameona kwamba picha moja ya mafuta inakwenda kwa tajiri mmoja, inatundikwa sebuleni, mwisho. Akataka nakala nyingi ambazo watu wa kawaida zaidi wangeweza kununua. Akiwa karibu na miaka 50, mchoraji mwenye jina lake, akarudi darasani mwenyewe kujifunza kuchora kwa asidi kwenye shaba.

Iko hivi. Unachukua bamba la shaba, unalisafisha, unalipaka safu nyembamba ya nta. Juu ya nta unachora kwa sindano, mstari mmoja mmoja, hadi shaba ionekane. Kisha unalizamisha bamba kwenye asidi. Asidi haigusi penye nta, inakula pale tu ulipochora. Ukilitoa mapema, mstari unakuwa hafifu. Ukichelewa, unakuwa mweusi na mzito. Halafu unaondoa nta, unapaka wino, unafuta wa juu ili ubaki ule wa kwenye mitaro, unaweka karatasi yenye unyevu, unapitisha kwenye mashine ya kubana kwa nguvu. Picha inatoka, na inatoka kinyume: ulichochora kulia kiko kushoto.

Hakuna kufuta kirahisi. Hakuna rangi ya kukuokoa. Bahari, koti la mvua, mawingu, vyote unavijenga kwa mistari. Na hapa ndipo ile miaka ya utumwa kwa Bufford ilipomlipa.

Alipoipeleka Eight Bells kwenye shaba, mwaka 1887, hakunakili tu picha ya mafuta. Aliondoa sehemu kubwa ya meli na vitu vilivyoizunguka, akawasogeza wale wanaume wawili hadi wakajaza nafasi. Fikiria mtu anavyokuza picha kwa vidole viwili kwenye simu ili aone uso. Yeye alikuza kazi. Vyombo vya kupimia, mikono, migongo.

Mwaka 1888 akarudi kwenye kumbukumbu za Cullercoats. Perils of the Sea ni ya wanawake wanaotembea huku nyuma yao wanaume wamejipanga wakitazama bahari iliyochafuka. Bahari yenyewe haikuonyeshi maiti hata mmoja, lakini unajua wanachoogopa. Mending the Tears ni ya wanawake wawili wameketi wakishona, mmoja wavu, mwingine soksi. Basi. Hakuna kingine kinachotokea. Mtu aliyewaona watu wakifa kwenye vita, na aliyeona meli zikivunjika, alikaa siku nzima juu ya shaba kuchonga matundu ya wavu na kidole kinachoyaziba.

Mchapishaji wake, Klackner wa New York, aliziweka sokoni. Hazikwenda kama alivyotarajia. Kwa jumla alitengeneza michoro minane hivi ya aina hiyo kati ya 1884 na 1889, kisha akaweka sindano chini na hakuishika tena. Ukiangalia kwa macho ya kibiashara, ule mradi ulifeli.

Baada ya hapo

Hakukaa kulia. Alirudi kwenye mafuta na rangi za maji, akachora bahari peke yake, mawimbi yakigonga miamba ya Maine majira ya baridi. Mwaka 1896 picha yake The Wreck ilishinda tuzo ya kwanza kwenye maonyesho ya Carnegie huko Pittsburgh, ikanunuliwa kwa dola 5,000. Baridi ikizidi alisafiri kwenda Florida, Cuba na Bahamas.

Safari hizo zilizaa The Gulf Stream, ya mwaka 1899. Mwanamume mweusi amelala juu ya mashua iliyovunjika mlingoti. Papa wamemzunguka. Kuna miwa imetapakaa kwenye sitaha. Kwa mbali kuna meli, na yeye hatazami kule. Watu walipoiona walihangaika, wakataka kujua mwisho wake: ataokoka? Homer aliudhika, akawatumia jibu la kejeli kwamba waambiwe jamaa ataokolewa, atarudi nyumbani, ataishi raha mustarehe. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yaliinunua mwaka 1906.

Alifariki nyumbani kwake Prouts Neck tarehe 29 Septemba 1910, akiwa na miaka 74. Alizikwa kwenye makaburi ya Mount Auburn, Cambridge, mji aliokulia. Alikuwa ametimiza kiapo chake: tangu siku ile alipotoka kwa Bufford, hakuajiriwa tena.

Kurudi mtoni

Nilipokwenda nyumbani mwishoni mwa mwaka nilikuwa nimezihifadhi picha hizi kwenye simu. Jioni moja nikamkuta mjomba chini ya mti, wavu umetandazwa miguuni, anashona mahali ambapo kiboko alikuwa amepita. Nikamwamkia, nikaketi, nikamwonyesha Mending the Tears. Akaichukua simu, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema yule mama anashika wavu vizuri, lakini kwa matundu madogo vile hapa Tana angekuwa anavua takataka.

Nikamwonyesha Eight Bells. Nikamweleza habari ya jua na vipimo. Akakubali kwa kichwa. Kisha akauliza swali ambalo sijaliona kwenye makala yoyote niliyosoma: kama hawa wawili wote wanapima jua, usukani umeshikwa na nani?

Sikuwa na jibu. Nikatazama picha tena. Kweli, huyo wa tatu haonekani. Yuko nje ya ukingo wa shaba, ameshika chombo kisiyumbe, ili hawa wawili wapime, ili Homer awachore. Mjomba alimwona mara moja kwa sababu miaka yote hiyo yeye ndiye huyo.

Nikamwomba aendelee kushona nimpige picha. Akakataa kwanza, akasema ngoja nivae shati zuri. Nikamwambia hapana mjomba, baki hivyo hivyo. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa kidogo, akacheka, akarudi kwenye wavu. Baada ya dakika chache alikuwa amenisahau. Nilipiga picha kama 40. Nyingi hazifai, mkono wangu ulikuwa unatetemeka na jua lilikuwa linazama. Moja iko sawa: vidole vyake, uzi umeng'atwa kwa meno, na mto nyuma umetulia.

Imekaa juu ya makala yangu sasa. Ukitafuta wavuvi wa Kotile, bado utapata mafuriko kwanza, kisha mamba. Lakini shuka chini kidogo. Kuna mzee anashona wavu.